Barua ya wazi kwa wakuu wa viwanda vya magari ya michezo: sura tutaizoea, vitufe rudisheni

Kwa wakurugenzi wakuu, wakuu wa usanifu, wahandisi, na ninyi wahasibu ambao jukwaani hamwonekani lakini neno la mwisho mara nyingi ni lenu,

Salaam.

Najua barua za namna hii huwafikia kila mnapofunua gari jipya. Kitambaa kinavutwa, taa zinawaka, na kabla mkuu wa usanifu hajamaliza sentensi yake ya pili kuhusu urithi na kesho, huku kwetu kesi imeshakatwa: pua kubwa mno, taa nyembamba mno, makalio ya gari lililotangulia yalikuwa mazuri zaidi, jina limeuawa. Ninyi mnatulia, mnasubiri wiki mbili tatu, oda zinaingia, maisha yanaendelea. Mmeshazoea kuamini kwamba mashabiki hupiga kelele kisha hunyamaza.

Nakubaliana nanyi nusu. Naandika kwa ajili ya nusu iliyobaki.

Mfano mnaopenda kujifariji nao ni Porsche 911 ya mwaka 1997, ile ya namba 996. Kampuni ilikuwa imetoka kwenye miaka migumu ya fedha, ikaamua gari lake kuu na mdogo wake Boxster wachangie sehemu za mbele, taa zikiwemo. Taa ya duara iliyokuwa alama ya 911 tangu 1963 ikayeyukia chini, indiketa ikamiminwa humo humo ndani, watu wakaibatiza jina la yai la kukaanga. Juu ya hayo, injini iliyozoea kupozwa kwa hewa sasa ikawa inapozwa kwa maji. Walioapa kwamba 911 imekufa hawakuwa wachache. Gari likauzwa, kampuni ikapona, na mwaka 2004 toleo lililofuata likarudisha duara. Siku hizi 996 ina wapenzi wake, na wapo wanaoipenda kwa sababu ya yai lenyewe.

Sasa mtafuteni mtu aliyekaa na 996 miaka mingi, mumuulize nini kilimnyima usingizi. Taa hatazitaja. Atawasimulia beringi ya shafti ya kati, kipande kidogo kilichojificha ndani ya injini, ambacho kikifa kinaweza kuondoka na injini nzima, na ambacho kiliwafikisha watu mahakamani Marekani. Jicho lilisamehe baada ya miaka michache. La injini linaongelewa hadi leo, na kila anayenunua 996 mkononi huulizia hilo kwanza.

Ndivyo ilivyo kila mahali. Chris Bangle, mkuu wa usanifu wa BMW, alipoibadilisha sura ya magari yao mwanzoni mwa miaka ya 2000, maelfu walitia saini kutaka afukuzwe kazi; miaka ikapita, mikunjo ile ile ya mabati ikaanza kuonekana kwenye magari ya washindani wake. Mwaka 2013 Corvette ya Chevrolet ya kizazi cha saba ilipokuja na taa za nyuma zenye pembe, badala ya zile nne za duara zilizoanza kwenye toleo la 1961, ungedhani mtu ametukaniwa mama. Miaka sita baadaye, Julai 2019, kampuni ile ile ikaing'oa injini mbele ya dereva na kuiweka nyuma ya mgongo wake. Mhandisi Zora Arkus-Duntov alikuwa amelipigania jambo hilo enzi zake na akastaafu bila kuliona likifika sokoni. Hayo ni mabadiliko mazito kuliko taa yoyote, lakini mashabiki wengi waliyapokea, maana kila aliyeliendesha alirudi na habari moja: gari linakwenda, na linageuka. Kilichobaki kinauma ni kwamba pedali ya klachi haikuwemo kabisa. Mpaka leo watu wanalitaja hilo.

Hapo ndipo ninapotaka tuelewane. Malalamiko ya mashabiki yana mafungu mawili, na ninyi mnayapima kwa mizani moja. Kuna malalamiko ya macho. Hayo yaacheni yalale, mengi hayaamki. Na kuna malalamiko ya mkono, mguu, sikio na uzito. Hayo hayazeeki, na kila mlipoyapuuza mlikuja kuyalipia baadaye, au mlitufanya sisi tuyalipie.

Kumbukeni 911 GT3 ya 2013. Porsche walileta gari la watu wanaojali uendeshaji kuliko kitu kingine, halafu wakaling'oa gia za mkono. Hoja yao ilikuwa safi kabisa kwenye karatasi: giaboksi ya PDK, inayojibadilishia gia yenyewe, hufanya hivyo haraka kuliko binadamu yeyote, na GT3 ni gari la kukimbizana na saa. Nani abishane na saa? Watu wakabisha. Walisema wao hawashindani na saa, wanataka kazi ya kufanya wawapo ndani ya gari. Mwaka 2016 ikaja 911 R, injini ya mbio na klachi ya mguu, magari 991 tu duniani kote, na muda si muda yakawa yanauzwa mkononi kwa mara kadhaa ya bei ya dukani. Mwaka uliofuata GT3 ya kawaida ikarudishiwa gia za mkono, tena bila kuongezewa bei. Sina kinyongo na Porsche kwa hilo, nawapongeza. Ninachouliza ni kwa nini tulihitaji miaka minne na magari 991 yaliyoishia mikononi mwa walanguzi ili kuthibitisha jambo ambalo lilisemwa wiki ya kwanza. Toyota nao walipita njia hiyo hiyo: Supra ilirudi mwaka 2019 ikiwa na otomatiki peke yake, na mwaka 2022 ikatangazwa ya gia za mkono.

Kosa lenu kubwa ni kujibu swali la mkono kwa jibu la tarakimu. Mercedes-AMG mwaka 2022 waliitoa V8, injini ya silinda nane, ya lita 4.0 kwenye C 63, wakaweka injini ya silinda nne ya lita 2.0 pamoja na mota ya umeme. Nguvu zikapanda kutoka farasi 510 hadi 680. Kila tulipouliza mngurumo umekwenda wapi, tukajibiwa farasi 680. Tulipouliza uzito, uliovuka kilo 2,100, tukajibiwa farasi 680. Hakuna aliyekuwa amelalamikia nguvu! Kama kazi ya uhandisi, injini ile inastahili heshima, na hilo nalisema bila kejeli. Kutoa nguvu kiasi hicho kwenye lita mbili si mchezo. Lakini mtu anayenunua gari la namna ile ananunua kile kinachomfanya apitilize kona ya nyumbani kwake ili aendelee kuendesha dakika kumi zaidi, na kitu hicho hakina safu yake kwenye jedwali lenu.

Halafu kuna skrini. Hapa naomba mnivumilie kidogo.

Ketini ndani ya gari lenu wenyewe. Barabara ina mawimbi, springi ni ngumu kama inavyotakiwa, kioo cha mbele kimeanza kuweka ukungu. Kwenye gari lenye swichi, mkono unashuka wenyewe bila kutumwa, vidole vinapapasa hadi vikutane na ile mistari ya pembeni, unazungusha, unasikia tki, upepo umepanda ngazi moja. Macho hayajaondoka barabarani. Kwenye gari lenye skrini peke yake, unanyoosha mkono hewani bila pa kuegemea, kidole kinarukaruka pamoja na gari, unagusa ulichokusudia au jirani yake, unatazama kama imekubali, haikukubali, unatazama tena. Wakati huo kona imefika. Na hili ni gari mlilolitengeneza ili liingie kona kwa kasi.

Usukani wa kugusa nao ulikuwa hadithi ya aina yake. Ferrari, kuanzia SF90 ya mwaka 2019, walitoa vitufe vya kweli kwenye usukani wakaweka sehemu laini zinazohisi kidole, hata ya kuwashia gari. Kidole gumba kikipita tu wakati unageuza, kitu kinabadilika ambacho hukukiomba. Unapowasha injini ya Ferrari, kitu ambacho mtoto wa miaka saba angekikumbuka maisha yake yote, unakuwa unapapasa plastiki iliyozimika. Watu walilalamika miaka kadhaa, wenye magari yenyewe wakiwa mstari wa mbele. Mwaka 2025 Amalfi ikaja na vitufe halisi kwenye usukani, na kitufe chekundu cha alumini cha kuwashia. Ukisoma maoni ya wapenzi juu ya gari hilo utaona jambo la ajabu: wapo wasioipenda pua yake, lakini kitufe kile kimewaunganisha wote.

Msije mkasema hatujui tunachotaka, kwamba Corvette ya 2019 ilikuwa na vitufe tele na bado tulilalamika. Kweli tulilalamika. Ule ulikuwa mstari mmoja mrefu wa swichi ndogo zinazofanana, umeteremka kwenye ukuta kati ya dereva na abiria, na ili upate ya kupunguza baridi ulilazimika kuangalia chini na kuhesabu. Abiria alikaa kama yuko chumba kingine. Toleo la 2026 limeuondoa ukuta huo, na ni sawa. Swichi nzuri ni ile inayopatikana gizani. Kuwa nazo nyingi ni jambo jingine kabisa. Hata Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari Ulaya, kwenye vigezo vyao vya 2026 wanataka indiketa, waipa, honi, taa za hatari na wito wa dharura viwe na vidhibiti vya kushikika. Wapima ajali wamefika pale pale walipofika mashabiki.

Sasa nije kwenye 911 iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2024, kwa sababu humo mna mazuri na mabaya ndani ya bodi moja. Carrera GTS yake ni haibridi, yaani injini ya petroli ikisaidiwa na umeme, na wengi tulijiandaa kuomboleza. Lakini wahandisi waliweka mota ya umeme ndani ya turbo yenyewe, turbo ikawa inazunguka kabla moshi wa eksozi haujaja kuisukuma, na gari zima likaongezeka kilo 50 tu kuliko lililotangulia. Kwenye Nürburgring, uwanja wa mbio wa Ujerumani ambako magari hupimwa, likapunguza karibu sekunde tisa. Walioliendesha wakaandika kwamba linajibu mguu kama injini isiyo na turbo. Mashabiki ambao mnadhani wanachukia kila kipya walilikubali, wengine kwa shingo upande, lakini walilikubali.

Gari hilo hilo likapoteza vitu viwili vidogo. Cha kwanza ni mshale wa RPM, unaoonyesha injini inazunguka kwa kasi gani. Tangu 1963 dereva wa 911 alitazama saa ya RPM katikati ya dashibodi, yenye mshale unaosafiri kweli, na hata dashibodi ilipojaa skrini kwenye toleo la 2018, saa ile waliiacha mahali pake. Sasa kuna skrini moja pana yenye picha ya mshale. Cha pili ni swichi ya kuwashia, iliyo kushoto mwa usukani. Ulikuwa unaishika kwa vidole viwili na kuizungusha kama ufunguo, ukisikia ukinzani kidogo, kisha injini inakohoa na kuamka. Wakaigeuza kitufe cha kubonyeza. Kushoto imebaki, ile simulizi ya madereva wa mbio za Le Mans kuwasha kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiingiza gia imebaki, kuzungusha ndiko kumeondoka. Ukimweleza mtu asiyependa magari kwamba watu wazima wamekasirikia jambo hilo, atakucheka. Mimi nasema wana haki. Mshale ule na swichi ile vilikuwa vitu ambavyo mwenye gari alivitumia kila siku, hata siku ya foleni, hata siku anapokwenda sokoni kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Sekunde tisa za Nürburgring atazitumia lini?

Mnachokitoa kwenye magari ya kawaida hakipotei. Kinapanda ngazi. Bugatti mwaka 2024 walipoonyesha Tourbillon waliweka saa za mshale za kimakanika zilizotengenezwa na mafundi wa saa wa Uswisi, vipande zaidi ya 600, skrini ikafichwa hadi uiite, na sababu waliyoitoa ni kwamba skrini huzeeka haraka na wao wanataka gari litakalotazamika miaka mingi ijayo. Hayo tumeyasema miaka yote. Magari 250, kwa mamilioni ya yuro. Gordon Murray, msanifu wa magari ya mbio, alitangaza T.50 mwaka 2020: V12, injini ya silinda kumi na mbili, isiyo na turbo, pedali tatu, saa ya RPM ya mshale, chini ya kilo 1,000. Magari mia moja ya barabarani, yakaisha. Porsche wenyewe mwaka 2023 walitoa 911 S/T, nyepesi, ya gia za mkono, magari 1,963. Wepesi, klachi na mshale vimekuwa anasa ya juu kabisa, vinavyouzwa kwa wachache na viwanda vile vile vinavyotwambia sisi wengine kwamba havina soko. Lipi tushike?

Kuna mengine hatuwalaumu, au tusiwalaumu. Boneti imeinuka kwa sababu ya kumlinda mtembea kwa miguu anayegongwa. Eksozi imepungua sauti kwa sababu ya chujio za chembe na kanuni za kelele, na mwenye mtoto aliyelala hana tatizo na hilo. Haibridi na umeme vimekuja kwa sheria na kwa hewa tunayovuta wote. Tunachoomba hapo ni ukweli. Injini ikinyamazishwa, semeni imenyamazishwa. BMW waliwahi kupitisha sauti ya injini ya M5 kwenye spika za gari, mwaka 2011, na mtu akishajua kwamba anachokisikia kinatoka kwenye spika, hata sauti ya kweli hataiamini tena. Na Jaguar mwishoni mwa 2024 walitoa tangazo la kujitambulisha upya ambalo ndani yake gari halikuwemo. Watu wakakosa gari la kujadili, wakajadili tangazo, na gari la mfano lilipokuja wiki chache baadaye likakuta matanga yameshaanza. Hilo sitawaongezea.

Nasi tuna lawama zetu. Nusu ya matusi ya wiki ya kwanza hutoka kwa watu walioona picha moja, iliyopigwa karibu mno kwa simu inayovuta pua ya gari kama ulimi. Aston Martin Vantage ya 2018 ilisemwa vibaya kwa mdomo wake mpana, na ukisimama mbele yake juani unaona mistari ya bodi ambayo hakuna picha iliyoionyesha. (Ingawa kampuni ilikuja kuleta grili nyingine ya kuchagua, yenye mapezi ya zamani, na wengi tunaona ndiyo ilipaswa kuwapo tangu mwanzo.) Kwa hiyo kama mna watu wanaokusanya maoni yetu, waambieni wayaweke kabatini yale ya mwezi wa kwanza kuhusu taa, grili na bampa, na wafungue faili jipya gari linapofika mikononi mwa wanunuzi. Wamsikilize aliyekaa nalo miezi sita. Wamsikilize zaidi yule atakayelinunua likiwa na miaka kumi na tano, ambaye ninyi hamumhesabu kwa sababu hatalipa dukani kwenu. Yeye ndiye atakayelitunza, ndiye atakayewafanya watoto wa mtaa wajue jina lenu. Na yeye ndiye atakayekuta skrini imekufa, programu haina mtu wa kuihuisha, na kiyoyozi, kioo na siti vyote vimefungwa ndani ya kioo cheusi.

Ninachoomba kinaweza kuingia kwenye mkutano mmoja wa Jumatatu asubuhi. Joto, upepo, sauti ya redio, vioo vya pembeni na kuwasha gari vipewe swichi ambazo mtu aliyevaa glavu anazipata bila kutazama. Gia za mkono zipatikane kwenye gari la kawaida la orodha, kama zilivyo kwenye 911 Carrera T na kile kichwa chake cha gia cha mbao, bila kungoja toleo la kumbukumbu lenye namba ya shaba kwenye dashibodi. Mkitoa kitu, mkitoe kwa sababu kimeshindwa kazi yake, na mkikirudisha msituuzie kama zawadi.

Na uzinduzi ujao, kabla ya muziki, kabla ya moshi wa jukwaani na kabla ya neno urithi, mpandisheni mhandisi mmoja aje na tarakimu mbili tu mdomoni: gari hili lina kilo ngapi, na lile la zamani lilikuwa na ngapi. Pua tutaijadili wenyewe.

Wasalaam,
Mpenzi wenu wa siku zote, mnunuzi wenu wa mkono wa pili